Mateka na Ukimya Wake: Maisha na Ushairi wa Charles d'Orléans

Miongoni mwa hazina za Maktaba ya Uingereza jijini London umo muswada mmoja wa mashairi, ujulikanao kwa alama ya Royal 16 F II, ambao ulitiwa nakshi mwishoni mwa karne ya 15. Katika ukurasa wake mmojawapo umechorwa Mnara wa London, na nyuma yake mto Thames, daraja la mji na nyumba zilizosongamana. Ndani ya Mnara huo mtu yule yule anaonekana mara kadhaa katika picha moja: hapa ameketi akiandika, walinzi wakiwa wamesimama karibu naye, pale anachungulia dirishani, kwingine yuko uani akikutana na mjumbe. Mtu huyo ni Charles, Dyuki wa Orléans, mpwa wa mfalme wa Ufaransa, aliyetekwa vitani mwaka 1415 na kukaa katika mikono ya Waingereza kwa miaka 25.

Picha hiyo imechapishwa katika vitabu vingi, na si ajabu, kwani ni nzuri. Hata hivyo, ilichorwa baada ya kifo cha anayeonyeshwa, katika nchi ya waliomteka, kwa ajili ya maktaba ya wafalme wao. Isitoshe, Charles hakuupitisha muda mwingi wa kifungo chake katika Mnara huo. Alihamishwa kutoka ngome moja hadi nyingine, na mara nyingi makao yake yalikuwa majumba ya makabaila wa mashambani. Mchoraji aliikusanya miaka 25 ndani ya jengo moja, na mtu mwenye huzuni za aina nyingi akamfanya mfungwa mmoja mwenye kalamu. Wahakiki wengi wamefanya vivyo hivyo kwa mashairi yake. Swali linalozungumziwa hapa ni la namna ya kusoma: je, ushairi wa mateka ni shajara ya kifungo chake? Na iwapo si shajara, je, ni mchezo tu wa watu wa kasri waliokuwa na nafasi ya kucheza na maneno? Maisha ya Charles d'Orléans yanatoa jibu ambalo haliko upande wowote kati ya hizo mbili.

Charles alizaliwa Paris tarehe 24 Novemba 1394. Baba yake, Louis, alikuwa ndugu wa Mfalme Charles VI. Mama yake, Valentina Visconti, alikuwa binti wa Gian Galeazzo, mtawala wa Milan. Nyumba hiyo ilikuwa nyumba ya vitabu na ya fahari. Lakini tangu mwaka 1392 mfalme alikuwa akishikwa na wazimu wa vipindi, na kila ugonjwa uliporudi jamaa zake waligombania hatamu za utawala. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1407, Louis alivamiwa na kuuawa katika barabara ya Paris na watu waliotumwa na binamu yake Jean, Dyuki wa Bourgogne. Kesho yake Charles alitimiza miaka 13. Muuaji hakuadhibiwa, kinyume chake, mwezi wa Machi 1408 mwanateolojia wake, Jean Petit, alisimama hadharani akatoa hotuba ndefu ya kuthibitisha kwamba mauaji hayo yalikuwa halali, kwa kuwa aliyeuawa alikuwa dhalimu. Valentina alitafuta haki kwa mfalme asiyekuwa na akili timamu, akaikosa, akafariki mjini Blois mwezi wa Desemba 1408.

Tayari mwaka 1406 Charles alikuwa ameozwa Isabelle, binti wa mfalme, ambaye alimzidi umri kwa miaka mitano na ambaye utotoni alikuwa malkia wa Uingereza, mke wa Richard II. Isabelle alifariki Septemba 1409 katika uzazi, akaacha mtoto wa kike, Jeanne. Hivyo, kabla ya kutimiza miaka 15, Charles alikuwa yatima wa baba na mama, mgane, mzazi, na kiongozi wa ukoo uliodai kisasi. Mwaka 1410 alimwoa Bonne, binti wa Bernard VII, kaunti wa Armagnac, na kwa ndoa hiyo akapata jeshi. Ufaransa ikagawanyika makundi mawili, la Armagnac na la Bourgogne, na pande zote mbili zikawa tayari kuwaita Waingereza waje kusaidia. Mwaka 1412 Waingereza walipokuja, na ikawa lazima walipwe ili waondoke, malipo hayakupatikana kwa ukamilifu. Charles alimtoa ndugu yake mdogo, Jean wa Angoulême, awe rehani. Kijana huyo aliondoka akiwa mtoto, akarudi mwaka 1445. Yafaa jambo hili likumbukwe wakati kifungo cha Charles kinapotajwa: kabla ya kuwa mateka, yeye mwenyewe alikuwa amemtia mwingine mikononi mwa Waingereza.

Katika hesabu za nyumba yake za mwaka 1414 kuna kumbukumbu ya vazi moja. Mikono ya vazi hilo ilitariziwa maneno ya wimbo wa mapenzi pamoja na nota zake, na lulu 960 zikatumika. Kati ya hizo, 568 zilikuwa za nota peke yake, lulu nne kwa kila nota, nota 142. Anayeisoma hesabu hiyo leo hawezi kuepuka kuona upuuzi wake, kwani nchi ilikuwa imekwisha kuteketezwa na vita vya ndugu kwa ndugu. Lakini hesabu hiyo inafundisha jambo muhimu kuhusu utamaduni alimokulia mtunzi. Katika utamaduni huo wimbo ulikuwa vazi. Ulivaliwa mbele za watu, ulikuwa na mshono wake unaojulikana, na aliyeuvaa hakuulizwa kama kweli moyo wake ulikuwa na furaha ambayo lulu zilitangaza. Shairi lake refu la ujana kuhusu kuandikishwa katika utumishi wa Mapenzi, ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa la kipindi hicho hicho, linafuata desturi hiyo: kijana analetwa mbele ya kasri la Mapenzi, anaapa, anapewa hati, na moyo wake unashikwa kama dhamana.

Tarehe 25 Oktoba 1415 jeshi la Ufaransa lilikutana na la Henry V katika uwanja wa Agincourt. Msomaji wa Kiafrika aliyesoma tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfalme huyo atamkumbuka Orléans kama mmojawapo wa makabaila wa Kifaransa wanaojigamba usiku wa kuamkia vita. Historia ilikuwa kali zaidi ya tamthilia. Maelfu ya Wafaransa waliuawa katika matope, na Charles alivutwa akiwa hai kutoka chini ya rundo la maiti. Alikuwa na umri wa miaka 20. Kwa desturi za vita za wakati huo, kabaila aliyetekwa alikuwa mali: alitunzwa ili jamaa zake wamkomboe. Charles, hata hivyo, alikuwa mali ya aina ya pekee. Alikuwa karibu mno na kiti cha enzi, na alikuwa kiongozi wa kundi ambalo Waingereza walitaka libaki bila kichwa. Henry V, alipokuwa anakufa mwaka 1422, aliagiza kwamba asiachiliwe mpaka mwanawe, aliyekuwa mtoto mchanga, awe mtu mzima. Kwa agizo hilo kifungo cha mtu kiliungwa na ukuaji wa mtoto mwingine.

Aliishi Windsor na Pontefract, Bolingbroke na Ampthill, Wingfield na Sterborough. Hakufungwa minyororo. Alikuwa na watumishi, alipokea makatibu kutoka Blois, alitia sahihi hati za mali yake, alinunua vitabu. Kati ya mwaka 1432 na 1436 alikuwa chini ya usimamizi wa William de la Pole, Erli wa Suffolk, ambaye mkewe, Alice, alikuwa mjukuu wa Geoffrey Chaucer. Wasomi waliotaka kumhurumia wamepunguza habari hizi. Waliotaka kumbeza wamezikuza. Robert Louis Stevenson, katika insha yake ya mwaka 1876, alimchora kama mtu dhaifu aliyejifariji kwa vina wakati historia ikipita mbele yake. Lakini huzuni ya kifungo haipimwi kwa ubora wa chakula. Wakati Charles alipokuwa Uingereza, baba mkwe wake aliuawa mjini Paris mwaka 1418. Binti yake, Jeanne, aliolewa na Dyuki wa Alençon na kufariki mwaka 1432. Na Bonne naye akafariki bila kumwona tena mumewe.

Tukio la kihistoria lililomgusa kwa karibu kuliko yote lilitokea bila yeye. Mwezi wa Oktoba 1428 Waingereza waliuzingira mji wa Orléans, ingawa maadili ya vita ya makabaila yalikataza kushambulia ardhi ya mtu ambaye tayari amefungwa. Mji ulitetewa na ndugu yake wa nje ya ndoa, Jean, aliyejulikana baadaye kama Kaunti wa Dunois, na ukaokolewa tarehe 8 Mei 1429 baada ya kuja kwa Jeanne d'Arc. Msichana huyo alipewa vazi lililolipiwa na hazina ya dyuki, na mwaka 1431, katika kesi iliyomfikisha kwenye moto, alisema kwamba alikusudia kumkomboa kwa kuwateka Waingereza wa kutosha wa kubadilishana naye. Msomaji wa leo huyafungua mashairi ya Charles akitarajia kumkuta Jeanne d'Arc. Hamkuti. Mwokozi wa mji wake hatajwi katika mashairi yaliyosalia, wala matope ya Agincourt hayasimuliwi.

Ukimya huu ndio kiini cha tatizo la uhakiki. Mashairi ya kifungoni yamejaa maneno ya gereza, lakini gereza linalotajwa ni la Huzuni. Walinzi wanaotajwa ni Hatari na Wasiwasi. Anayengojewa ni Tumaini, naye huchelewa. Tashihisi hizi hazikubuniwa na Charles. Zilikuwa mali ya ushairi wa Kifaransa tangu kile kitabu cha karne ya 13 kuhusu waridi, na mtunzi yeyote wa mapenzi aliweza kudai kwamba moyo wake umefungwa ilhali yeye mwenyewe yuko huru mezani kwake. Hapa ndipo ugumu unapozuka. Mtu ambaye kweli ni mateka anapotumia lugha ya mateka wa mapenzi, msomaji hana alama ya wazi ya kumwonyesha ni wapi tamathali inaishia na maisha yanaanzia. Mwanamke anayelalamikiwa kuwa yuko mbali yaweza kuwa Bonne, yaweza kuwa mwingine, yaweza kuwa Ufaransa, na yaweza kuwa kiti kitupu ambacho desturi ilidai kiwepo.

Fani nayo yastahili kuangaliwa. Baladi ya Kifaransa huwa na beti tatu na ubeti mfupi wa kufungia, ambao kwa kawaida huelekezwa kwa mkuu fulani. Vina vile vile hurejea katika beti zote, na kila ubeti hukomea katika mshororo mmoja usiobadilika. Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hatapata taabu kuutambua mshororo huo kuwa ni ndugu wa kibwagizo chetu. Rondo ni fupi zaidi, na sehemu ya kwanza ya shairi hurudi katikati na mwishoni. Katika fani zote mbili shairi haliendi mbali. Linaondoka, linazunguka, linarudi pale pale. Charles alitunga baladi zaidi ya 100 na rondo kwa mamia. Ni vigumu kuamini kwamba mtu aliyeishi kwa miaka 25 akingoja tarehe isiyofika hakujua alichokuwa akifanya alipochagua, mara kwa mara, fani ambayo kila mwisho wake ni marejeo ya mwanzo. Kwa mtunzi mwingine kibwagizo ni pambo. Kwake kimekuwa kipimo cha wakati.

Ipo mifano michache ambapo pazia linasogezwa. Katika baladi moja mzungumzaji yuko Dover, anaitazama pwani ya Ufaransa ng'ambo ya bahari, na anatamani amani kwa sababu bila amani hawezi kuvuka. Katika nyingine, uvumi umeenea kwamba amekufa, naye anaukanusha kwa mzaha, akijifananisha na panya ambaye bado yu hai. Na katika lalamiko lake juu ya Ufaransa anaitaja nchi kwa jina na kuikumbusha ilivyokuwa. Yafaa kuzingatiwa kwamba mashairi haya hayamlaumu aliyemfunga. Waingereza hawatukanwi humo. Mateka ambaye barua zake husomwa na wengine hujifunza haraka ni maneno gani yanayopita mlangoni. Wasomaji wa Kiswahili hawana haja ya kufundishwa jambo hili. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotungwa katika kifungo cha mwaka 1969 hadi 1972 na kuchapishwa mwaka 1973, imewazoesha kutafuta maana ya kisiasa chini ya fumbo. Tofauti ni kubwa, bila shaka: mshairi wa Mombasa alifungwa kwa ajili ya maneno aliyoyaandika, ilhali kabaila wa Orléans alifungwa kwa ajili ya damu aliyozaliwa nayo. Mmoja alikuwa na ujumbe wa kuuficha. Mwingine alikuwa na nafsi ya kuihifadhi. Lakini wote wawili wanaonyesha kwamba ukimya katika shairi la kifungoni haumaanishi kwamba hapakuwa na la kusema.

Suala la lugha linazidisha ugumu huu. Katika Maktaba ya Uingereza umo muswada mwingine, Harley 682, wenye mistari ipatayo 6,500 ya mashairi ya Kiingereza, mengi yakiwa na wenzake wa Kifaransa katika diwani ya Charles. Muswada hauna jina la mtunzi. Kwa muda mrefu wahakiki walibishana: wapo waliosema ni tafsiri ya Mwingereza asiyejulikana, na wapo waliosema ni kazi ya dyuki mwenyewe. Tangu toleo la Mary-Jo Arn la mwaka 1994, wataalamu wengi wameukubali upande wa pili. Kama ndivyo, basi jambo la ajabu lilitokea. Makabaila wa Kiingereza wa wakati huo bado walikijua Kifaransa. Mateka huyo hakuhitaji Kiingereza ili aeleweke mezani. Alikichagua. Tena hakukitumia kwa kutafsiri tu: katika nusu ya pili ya mkusanyiko huo kuna ndoto ya Venus na gurudumu la Bahati, na mapenzi mapya ambayo hayamo katika diwani ya Kifaransa.

Mjadala kuhusu kuandika katika lugha ya aliyekushinda ni mkongwe katika fasihi ya Afrika, na kwa kawaida huwekwa kati ya usaliti na lazima. Mfano wa Charles haulingani na wa watu waliotawaliwa, kwa kuwa yeye alikuwa kabaila aliyeshindwa na makabaila wenzake, na lugha yake mwenyewe ilikuwa na hadhi kubwa kuliko ile aliyoiazima. Hata hivyo unaongeza uwezekano mmoja ambao mjadala huo haupaswi kuusahau: kwamba mtu aweza kuingia katika lugha ya mlinzi wake kama aingiavyo katika chumba ambamo hakuna anayemtafuta. Kwa Kifaransa alikuwa mrithi, mgane, mkuu wa kundi, mwana wa aliyeuawa. Kwa Kiingereza hakuwa na babu.

Ukombozi ulifika kwa njia ya kisiasa. Mwaka 1435, mjini Arras, Philippe, Dyuki wa Bourgogne, mwana wa mtu aliyemwua baba yake Charles, alipatana na mfalme wa Ufaransa. Mwaka 1439 mazungumzo ya amani yalifanyika karibu na Gravelines, na Isabella wa Ureno, mke wa Philippe, akawa mpatanishi hodari. Humphrey, Dyuki wa Gloucester, alipinga vikali kuachiliwa kwa mateka aliyewajua Waingereza kwa undani kiasi hicho, lakini hakusikizwa. Fidia kubwa iliahidiwa, kiapo kikaapwa Westminster, na mwezi wa Novemba 1440 Charles akavuka bahari. Kabla ya mwezi huo kwisha alikuwa amemwoa Marie wa Cleves, mpwa wa Philippe, msichana wa miaka 14, na kupokewa katika shirika la heshima la ukoo wa Bourgogne. Aliyekombolewa aliingia katika nyumba ya adui wa baba yake kama mkwe. Erli wa Suffolk, aliyemtunza, aliuawa mwaka 1450 baada ya kuanguka, na miongoni mwa mashtaka yaliyoletwa dhidi yake ni kusaidia kuachiliwa kwa Dyuki wa Orléans.

Aliporudi alikuta nchi isiyomngoja. Charles VII alimtilia shaka, na uhusiano wao ukatengenea baadaye tu. Mwaka 1447, mjomba wake Filippo Maria alipofariki bila mrithi halali, Charles alijaribu kuudai utawala wa Milan, akafaulu kuushika mji wa Asti peke yake. Baada ya hapo alijikalia Blois, na hapo ushairi wake ukabadilika. Baladi zikapungua, rondo zikaongezeka. Mapenzi yakaondoka. Katika shairi refu alilolitunga kuelekea mwisho wa kifungo, mzungumzaji alikuwa amekwisha kuuomba moyo wake urudishwe, akapewa cheti cha kuachishwa utumishi, akaelekea kwenye nyumba kuukuu ya Kutojali. Katika nyumba hiyo ndimo anamoishi sasa. Yumo Huzuni, mgeni asiyeondoka. Yamo macho yanayohitaji miwani, usingizi wa mchana, na kelele za vijana. Rondo yake ya majira ya kuchipua, iliyo mashuhuri kuliko zote, ambamo majira yamepewa mwili na mavazi kama mtu wa kasri, inasomeka vizuri zaidi ikiwekwa kando ya hizi za uzee: anayeitazama dunia ikibadili nguo si yule tena aliyevaa lulu 960.

Hapa yapasa kusahihishwa simulizi moja iliyoenea. Inasemwa mara nyingi kwamba Charles ndiye aliyeandika barua ya kwanza ya Siku ya Valentino, kwa mkewe, kutoka Mnara wa London, mwaka 1415. Shairi linalotajwa ni rondo, na wataalamu wanaihesabu kuwa ya miaka ya baadaye, baada ya kurudi Ufaransa. Tena si ungamo la kijana anayewaka, bali ni kauli ya mtu aliyechoshwa na mapenzi. Mfano huu unaonyesha madhara ya kusoma kwa kutumia picha ya Mnara: shairi la uchovu limegeuzwa kuwa shairi la shauku kwa sababu wasomaji walitaka mfungwa.

Kasri la Blois likawa baraza la washairi. Mwenyeji alitoa mshororo wa kuanzia, wageni na watumishi wakatunga, na tungo zao zikanakiliwa katika muswada wake binafsi, ambao leo umo katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa kwa alama ya français 25458. Katika shindano moja lililojengwa juu ya kauli kinzani, lililomtaka mtunzi adai kuwa na kiu ilhali chemchemi iko karibu, mmoja wa washiriki alikuwa François Villon, mhalifu na msomi wa Paris. Mwana wa kifalme aliyefungwa kwa ajili ya ukoo na mtu wa mitaani aliyefungwa kwa wizi waliandika juu ya kiu ile ile katika kitabu kimoja.

Kuna ushahidi mmoja zaidi, nao si wa kishairi. Mwaka 1458 Dyuki wa Alençon, aliyekuwa mume wa marehemu binti yake, alishtakiwa mjini Vendôme kwa kula njama na Waingereza. Charles, akikaribia miaka 64, alisimama mbele ya mahakama ya mfalme akaomba mshtakiwa asiuawe. Katika hotuba hiyo alieleza kwamba alipokuwa kifungoni Uingereza, kwa sababu ya uchovu, hatari na karaha alizozipata, mara nyingi alitamani angaliuawa katika vita vile alivyotekwa. Alençon alihukumiwa kifo, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo.

Kauli hiyo ya nathari inayaweka mashairi yote katika mwanga mwingine. Mtu huyu alikuwa na maneno ya wazi, na aliyatumia mara moja, mbele ya mahakama, pale yalipoweza kuokoa uhai wa mtu mwingine. Kwa ajili yake mwenyewe hakuyatumia katika shairi. Basi wanaosema kwamba alicheza na vina kwa kuwa hakuteseka wamekosea, na wanaotafuta mateso hayo kwa tarehe na mahali ndani ya kila baladi wamekosea vile vile. Desturi ya ushairi ilimpa mahali pa kukaa ambapo uchungu ulikuwa na umbo na ulikuwa wa watu wengi, si wake peke yake. Adui aliweza kuhesabu bei ya mwili wake, lakini hakuweza kujua Huzuni ya mashairi ilikuwa ya nani.

Charles alifariki Amboise mwezi wa Januari 1465, akitoka katika mkutano wa makabaila ulioitishwa na Louis XI mjini Tours. Mwanawe, aliyezaliwa mwaka 1462, akawa Mfalme Louis XII mwaka 1498, na mjukuu wa Jean wa Angoulême, yule mdogo aliyewekwa rehani, akawa Mfalme François I mwaka 1515. Ukoo ulipata kiti cha enzi ambacho kwa ajili yake ulikuwa umeuawa na kufungwa. Diwani haikupata bahati hiyo. Mwaka 1509 mashairi yake mengi yalichapwa ndani ya kitabu cha mtu mwingine bila jina lake, na hadi karne ya 18 wasomaji wa Ufaransa hawakumjua kama mshairi. Toleo kamili lililoaminika kwa muda mrefu, la Pierre Champion, lilitoka kati ya mwaka 1923 na 1927.

Mtu aliyeishi miaka 25 bila kuwa na amri juu ya mwili wake aliishi kwa karne mbili bila kuwa na amri juu ya jina lake. Mashairi yalistahimili hali zote mbili, kwa sababu hayakujengwa ili yamtangaze mwenyewe. Mhakiki anayeyafungua leo anapaswa kuanza na ukimya wao, auheshimu kabla ya kuuvunja, na akumbuke kwamba aliyenyamaza alijua kusema.